Jicho Ndani ya Ovari ya Panya

Siku ya ndoa ya dada yangu kule Muhumba, nilipitia labo kwanza, nimeshapambwa tayari. Kazi yangu ni kuangalia ovari za panya: kifuko cha yai kikianza kufa, kinaacha kutoa homoni, kinanyauka polepole.

Kwenye mikroskopu, kifuko kimoja kikaniangalia. Kilikuwa na kope! Nikipumua, kope zinatikisika. Na panya mwenyewe alishakufa zamani.

Mimi, mwenye diploma ya biolojia, nikapiga magoti, nikanyunyizia meza maji ya baraka, nikaita watu. Maman Profesa, mkuu wa maabara yetu, akaja mbio, akainamia mikroskopu. Kisha akaniangalia usoni.

"We mutoto, mbona kope za bandia uko nazo kwa jicho moja tu?"