Shoka Lililonolewa Kama Wembe

Kinyozi mmoja alikuwa na mikono laini kuliko ya mkewe, wala jambo hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Mikono hiyo ndiyo iliyomlisha. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kioo kirefu, na mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani. Kila asubuhi, akishamshukuru Mungu kwa kumwamsha, aliupitisha wembe kwenye mkanda ule taratibu, kama mtu anayempapasa paka.

Aliyeitilia shaka mikono ile ni mama mkwe wake.

Mama huyo alikuwa mjane, mwoka mikate wa tanuri la kuni tangu ujana wake. Sasa magoti yalikuwa yamemchoka, naye akiishi peke yake kwenye nyumba inayovuja, na bintiye hakupata lepe la usingizi mvua ikinyesha. Walimwomba ahamie kwao, chumba kipo. Kila mara alijibu, "Tutaona." Siku bintiye alipombana sana, akasema, "Mumeo mtu mwema, sina neno naye. Lakini nikija kwenu, mlango uking'oka atafanya nini? Atauchana nywele?"

Maneno hayo yakamfikia kinyozi. Akacheka, kisha kicheko kikamkwama.

Basi mkewe alipopanga waende wote watatu kupiga kambi ziwani, kinyozi akasema moyoni, hapo hapo. Kuni nitapasua mimi, Mama aone kwa macho yake, na akiona atakubali kuhama. Shida ilikuwa moja tu: tangu azaliwe hakuwahi kumiliki shoka.

Kwenye duka la vifaa akaenda moja kwa moja kwenye shoka kubwa kuliko yote, lenye mpini mwekundu unaong'aa. Muuzaji, mwanamke mnene mcheshi, akamtazama akihangaika kulinyanyua.

"Kaka, unakwenda kuufyeka msitu mzima?"

"Hapana, dada. Kuni za kambini tu. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Basi liache hilo. Litakuchosha mapema, na mtu aliyechoka hupiga ovyo, shoka likaishia mguuni. Na mpini wa rangi usiupende, rangi huficha mafundo na nyufa. Shika hili dogo, mpini mtupu. Unaziona nyuzi za mti? Zimenyooka toka juu mpaka chini. Zikikatiza kwa upande, mpini huo utavunjika tu. Haya, fumba jicho moja, tazama toka mwisho wa mpini. Makali yamefuata mstari?"

Kinyozi akafumba jicho kama anayepima sharafa za mteja zilingane mashavu yote mawili. Makali yalikuwa yamenyooka. Akalitikisa, kichwa hakikucheza. Kabari inayokibana kwenye mpini ilikuwa imekaa barabara.

"Chukua na tupa ya kunolea," muuzaji akasema. "Na ala ya kufunika makali, usije ukalibeba uchi garini."

Mpaka hapo alikuwa amefanya vizuri. Alipofika nyumbani ndipo ukinyozi ulipompanda kichwani. Alichukua tupa akanoa, akachukua jiwe akanoa, makali yakawa membamba kama karatasi. Hakuridhika. Akaleta mkanda wa ngozi kutoka kibandani. Alipomaliza, alijinyoa vinyweleo vya mkono kwa shoka lile, mkewe amesimama mlangoni.

"Ehe! Unakwenda kupasua kuni, au kumnyoa kiboko?"

"Subiri utaona," akajibu, uso umemchanua.

Kambini, hema likishasimama, mama mkwe akakaa kwenye kiti cha kukunja na kujifunika khanga mabegani. Kinyozi akapanga miguu, akapiga. Kipande cha kwanza kikapasuka kama mkate. Cha pili vilevile. Mama akaitikia kwa kichwa. Kinyozi akavimba. Akachagua gogo lenye fundo, akanyanyua, akashusha kwa nguvu zake zote.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mti. Katikati ya makali palikuwa na pengo la ukubwa wa kucha.

Aligeuza shoka haraka ili pengo litazame upande wa pili. Ulimi ulikuwa tayari kumlaumu muuzaji wa dukani, kwamba kauza chuma kibovu, na nani angebisha? Lakini yule dada hakumkosea lolote. Akaenda akachuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Mama, nimeliharibu. Sijui nimekosea wapi. Nielekeze."

Mama akavaa miwani, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa makali.

"Nani kalinoa hivi?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

"Nimemalizia na mkanda wa wembe, Mama."

Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Masikini wa Mungu! Umelinyoa shoka mpaka nyama! Sikiliza. Wembe unakutana na nywele, hili linakutana na fundo. Nyuma ya makali lazima pabaki unene, mashavu yatune kidogo kama ya mtoto aliyeshiba. Lete tupa."

Akamwonyesha namna ya kulibana shoka kati ya magogo mawili, na kinyozi akaanza.

"Usiende na kurudi kama unapiga mswaki. Sukuma, inua, anza tena."

"Hivi, Mama?"

"Umelaza tupa mno."

Akainua mkono.

"Sasa umeinua kupita kiasi."

Akashusha. Mkewe, aliyekuwa anachochea chai, alisubiri mumewe anune. Hakununa. Mikono ile laini iliendelea kwa utulivu, pengo likipungua, mpaka likafutika. Alipolipiga tena lile gogo la fundo, likapasuka pande mbili.

"Lifute unyevu, ulipake mafuta, na mpini pia," mama mkwe akasema. "Na usiliweke karibu na moto, mpini utasinyaa, kichwa kilegee." Akatazama ziwa. "Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kila kitu. Lakini hakuambilika. Ukimwelekeza jambo, siku hiyo chakula hakiliki. Nimekaa kimya ndani ya nyumba yangu miaka na miaka. Sikutaka uzee wangu nao niupeleke mahali pa kunyamaza."

Binti akamkabidhi kikombe cha chai.

"Hicho chumba mnachonisumbua nacho," mama akaendelea, akipuliza chai, "kina dirisha?"

"Kinalo, Mama," kinyozi akasema. "Ila dogo."

"Basi utalipanua, mwanangu. Mimi nitakuwepo, nitakuelekeza."

"Sawa, Mama," akasema kinyozi, akachovya kitambaa kwenye mafuta na kuendelea kuupaka mpini.