Kadi ya Tisa Kwenye Droo ya Tata

Wifi yangu aliacha kula siku ya Ijumaa, pale Mkuu alipotangaza kwamba Alhamisi inayofuata droo ya tata itakaguliwa. Mimi niliendelea kula, nisije nikaulizwa. Tulikuwa wawili tu tuliojua kilichofichwa ndani ya droo ile, na yeye hakujua kwamba mimi najua.

Ofisi yetu inatengeneza kamusi ya lugha zote zinazosemwa nchini. Mimi ni mpiga chapa. Wifi, mke wa kaka yangu, ni mwandishi wa kadi. Kila neno lina kadi yake, na kila kadi ina mistari minne: neno, lugha, maana, na msemaji aliyelitamka mbele ya mwandishi, umri wake na kazi yake. Kadi isiyo na msemaji huchanwa. Mkuu huisema sheria hiyo huku akigonga meza kwa kifuniko cha kalamu, utadhani sisi ni viziwi.

Wifi ameandika kadi elfu kumi na tisa. Ukimwambia, "Nadhani neno hili maana yake ni jiwe," atakujibu, "Ukimaliza kudhani, rudi." Nilikuwa namtania kwamba hata kaka yangu alipokwenda kumposa, alitakiwa alete msemaji wa pili.

Droo ya tata ndiyo Mkuu huwaonyesha wageni kwanza. Umbo moja la neno, lugha kumi na tatu. Kwetu ni jambo lililosokotana. Kwa watu wa milimani ni baba. Kwa wafugaji wa kaskazini ni dada mkubwa, kwa majirani zao ni kutafuna, na kwingine ni kumpungia mtu mkono anapoondoka. "Kufanana si undugu," Mkuu husema, akipitisha kidole juu ya kadi. "Kila moja limekuja kwa njia yake."

Kadi ya tisa ilisema hivi: Tata. Lugha ya ng'ambo ya mto. Doa la mwanga linaloingia ndani kwa tundu la bati. Msemaji: mwanamke, mfinyanzi, miaka sabini.

Hakukuwa na mfinyanzi. Kulikuwa na Kidoti, mtoto wa pekee wa kaka yangu na Wifi. Bati lao lilikuwa na tundu la msumari, na kila asubuhi doa la mwanga lilitembea sakafuni. Kidoti alilifuata kwa magoti, akalifunika kwa kiganja, na lilipompanda juu ya mkono alicheka na kuniita mimi shangazi yake, "Tata, angazi! Tata!" Homa ilimchukua kwa siku nne. Wiki tatu baada ya mazishi Wifi alirudi kazini, na siku hiyohiyo akaandika kadi ya tisa. Alichagua lugha ya ng'ambo kwa sababu wakati ule sanduku la kadi za lugha hiyo lilikuwa karibu tupu na hakuna mtu wa huko aliyewahi kufika ofisini kuuliza. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zake zilifika miaka ishirini na sita.

Mimi niliigundua miaka kumi na miwili kabla ya ukaguzi huo, nilipopewa kadi za ng'ambo nichape kijitabu cha kusomea cha darasa la kwanza. Vidole viligoma. Niliiona ile sakafu, nikakiona kile kiganja. Kisha nikachapa, nikanyamaza. Niliogopa kumwuliza.

Na tulikuwa na sababu ya kuogopa. Tulikuwa na mwandishi mwingine zamani, tulimwita Bwana Chumvi kwa namna alivyopenda kuongeza. Alibainika ametunga maneno sita. Mkuu hakutafuta yale sita. Alitoa kila kadi yenye mwandiko wake, magunia mawili, zikachomwa nyuma ya jengo huku Bwana Chumvi akitazama. "Mkono uliodanganya mara moja siwezi kuusoma tena," Mkuu alisema. Wifi alikuwa amesimama karibu yangu siku ile, na kadi ya tisa ilikuwa tayari ndani ya droo. Nilipokumbuka hilo sikupata usingizi. Kadi elfu kumi na tisa zingejaza magunia mangapi?

Jumatatu, wenzetu walipokwenda kula, nilimkuta mbele ya droo.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Vumbi," akasema. Akaisukuma droo ikafunga. Hata kuiondoa kadi ya tisa asingeweza, kwa sababu kadi zina namba za muhuri, na pengo la tisa lingempigia Mkuu kelele.

Jumatano nilishindwa. Nilimfuata stoo ya karatasi, nikafunga mlango.

"Wifi, najua."

"Unajua nini?"

"Kidoti."

Alikaa chini papo hapo, juu ya maboksi. "Tangu lini?"

"Miaka kumi na miwili."

"Na umekaa nayo?"

"Ningeipeleka wapi?"

Alinitazama sana. "Mfinyanzi ameshakufa," akasema mwishowe, kwa sauti ya kujaribu. "Nikiulizwa nitasema ameshakufa. Nani atamfufua?"

"Sema hivyohivyo," nikamwambia. Naona aibu leo, lakini ndivyo nilivyomshauri.

Alhamisi wasemaji waliitwa mmoja mmoja, kila mtu asome kadi ya lugha yake. Wa tisa alikuwa mkunga mstaafu kutoka ng'ambo, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wifi alikaa upande wa pili wa meza, mikono chini ya mapaja. Mimi nilikuwa kwenye mashine yangu na sikuwa nachapa chochote.

Mkunga alisoma. Akarudia kusoma.

"Mama, neno hili ni la kwenu?" Mkuu akauliza.

"Ni la kwetu. Wajukuu wangu wanalisema kila asubuhi. Wamelitoa kwenye kitabu cha shule."

Nilimwona Wifi akishusha mabega. Tumepona, nikajisemea. Neno limepata watu, basi, yameisha.

Lakini Mkunga alivua miwani. "Ila mimi sikulijua. Nimezalisha ng'ambo miaka arobaini, nyumba nyingi zina tundu kwenye bati, na sikuwahi kulisikia. Mjukuu akaniuliza, 'Bibi, hata tata hujui?' Mama yangu alikufa mapema. Nikasema, kumbe hakunimalizia lugha. Tangu siku ile nikifungua mdomo mbele ya watoto naogopa. Najiuliza nimekosa mangapi mengine." Akamgeukia Wifi. "Wewe ndiye uliyeandika, mwanangu? Huyu mfinyanzi alikuwa wa kijiji gani? Niende kwa watoto wake, wanifundishe yaliyobaki."

Wifi alinitazama. Nilitikisa kichwa: usiseme. Angetaja kijiji kimoja tu, na hakuna ambaye angemshuku.

"Hakuna mfinyanzi," Wifi akasema.

Kifuniko cha kalamu kilisimama mkononi mwa Mkuu. Wifi alisema yote: bati, doa, homa, sanduku tupu. Alikuwa akimwambia Mkunga peke yake. "Neno ni la mwanangu. Kwenu nililitupa tu, kwa sababu niliona hakuna atakayeniuliza. Nisamehe, mama."

Mkunga aliiweka miwani juu ya kadi. Kisha akashika kifua. "Basi mama yangu hakuninyima kitu," akasema. Akaanza kulia, akicheka katikati, na Wifi naye akaangua kilio ambacho sijakisikia tangu siku ya mazishi.

Mkuu hakugonga meza. "Sheria unaijua," akasema.

"Naijua."

"Sitazichoma, kwa kuwa umesema mwenyewe. Lakini kila kadi yako itasomwa upya mbele ya msemaji. Wewe utakuwa unawaita pale mlangoni. Kalamu utaniachia." Ni kazi ya miaka, na Wifi anaifanya mpaka leo, kwenye kiti cha mlangoni.

"Na ya tisa?" nikauliza mimi, ambaye sikuulizwa.

"Ya tisa sasa ina wasemaji, wajukuu wa mama huyu. Isahihishwe."

Kabla ya kuiacha kalamu, Wifi aliandika mstari wa nne upya: Wa kwanza kulisema, mtoto wa kike, miaka miwili na miezi minne. Penye kazi akakwama, wino ukaanza kufanya doa kwenye kadi.

"Andika mtoto," Mkunga akamwambia. "Hiyo nayo ni kazi."

Akaandika.