Mtihani ulifutwa, matokeo ya binti yangu tukayasubiri na sanamu ya Susu juu ya kabati

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nimesoma nyuzi za hapa, wazazi wanasubiri matokeo na wengine wameshaanza kutukana watoto kabla hata hayajatoka. Nikaona nami niseme yaliyotupata nyumbani kwangu mwaka ule wa corona. Majina nimebadilisha ili watu wangu wasinifukuze nyumbani. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, sijaweka chumvi.

Mimi ni mama, naishi Shauri Moyo, zile nyumba za zamani za kaunti. Kazi yangu ni karani wa stoo kwenye godauni moja la magodoro Industrial Area. Mume wangu, Baba Mwende, ni mchonga vinyago. Ndiyo, sisi ni Wakamba, watu wa vinyago; wale wa "si nilijua tu" endeleeni kucheka.

Binti yetu mkubwa ndiye Mwende. Uzi huu ni wake.

Mwende alikuwa analipiwa na sponsor wa kanisa katika shule ndogo ya private inayofanya mtihani wa ng'ambo. Najua kuna mtu atauliza mtoto wa Shauri Moyo na mtihani wa ng'ambo wamekutania wapi. Hata mimi niliuliza. Lakini alienda interview, akapita, sasa ningekataaje?

Sponsor alikuwa na sharti moja. Mwende apate B au zaidi kwa kila somo, ndipo alipiwe miaka miwili ya mwisho. Somo moja likiteleza, basi imeisha. Hilo sharti mlishike kichwani, maana ndilo lililotukosesha usingizi.

Basi corona ikaja, shule zikafungwa ghafla. Watoto wakarudi na magodoro na masanduku, na Mwende akarudi na kipande cha mti kimefungwa kwenye shuka.

Kilikuwa project yake ya Art. Alikuwa anamchonga nyanya yake, Susu, mama ya mume wangu, ameketi chini anapepeta ndengu kwa ungo. Alikuwa amefika nusu. Ungo ulishatokea, mikono imetokea, uso bado ulikuwa na alama za patasi kila mahali. Nikamwambia Susu anaonekana ni kama ameng'atwa na nyuki. Akaniambia, "Mum, wacha. Nataka ikae hivyo."

Haikupita muda mrefu, kwenye WhatsApp group ya wazazi tukaambiwa mtihani umefutwa.

Wakuu, watoto walishangilia kama timu imefunga bao. Sisi wazazi tukabaki tunaulizana, umefutwa halafu? Shule ikajibu kwamba matokeo yatatoka tu. Walimu watakusanya kazi za mwaka mzima, wakadirie kila mtoto angepata nini, wapeleke ng'ambo, kisha tusubiri.

Kuna baba mmoja pale kwenye group aliuliza kama mtihani ambao haukufanywa unaweza kuombewa usahihishwe upya. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Kwa masomo mengine sikuwa na wasiwasi, Mwende alikuwa na karatasi zake za mitihani ya darasani. Lakini kwa Art, kitu kikubwa kilichobaki ni yule Susu wa mti. Mwalimu wake, Madam Wairimu, akasema wamalizie nyumbani, wamtumie picha kila hatua, halafu kazi yenyewe iletwe shuleni siku ya kukusanya.

Mwende akaanza kwenda na baba yake karakana.

Hapa lazima niwaeleze karakana inavyofanya kazi, la sivyo hamtaelewa. Pale hakuna mtu anachonga kinyago mwanzo mpaka mwisho. Mmoja anapasua mti na kutoa umbo kwa shoka. Mwingine anachukua, anatoa miguu na masikio. Mwingine anapiga msasa, wa mwisho anapaka polishi ya viatu mpaka ing'ae. Kazi ikikaa mezani na hakuna mtu ameishika, yeyote aliye na nafasi anaivuta na kuisogeza mbele. Hakuna kuulizana. Baba Mwende alifundishwa hivyo na baba yake, na ukiwauliza watakwambia ndiyo maana wamekula miaka yote hiyo.

Na mwaka huo hakukuwa na mtalii hata wa dawa. Wanaume wazima walikuwa wanakaa pale kutwa nzima, mikono inawawasha kwa kukosa kazi.

Jumamosi moja nikamwambia Mwende abaki anisaidie kufua. Susu wake akabaki mezani kule karakana.

Mmeshaona inakoelekea.

Baba Mwende alirudi jioni amebeba kitu kwenye gazeti, anatabasamu mpaka nikafikiri amepata oda. Akakifungua juu ya meza, polepole, akitutazama usoni.

Susu alikuwa anang'aa. Uso laini, mashavu ya mviringo, mdomo unacheka kidogo, macho yale yale wanayowekea sanamu za kuuza. Mzee Kilonzo, fundi wao wa msasa na polishi, alikuwa amempiga msasa mpaka huoni alama moja ya patasi. Uso alikuwa ameutengeneza Baba Mwende mwenyewe.

"Tumekumalizia," akamwambia mtoto.

Mwende akasogea mezani. Alipitisha kidole kwenye lile shavu mara kadhaa.

"Daddy, hii si yangu tena."

"Si yako aje? Mti si ni ule ule?"

"Uso ulikuwa umeisha. Nilikuwa nimeuacha hivyo."

Baba Mwende akanitazama mimi, ni kama mtoto anaongea lugha asiyoijua. Hakuwa amefanya ubaya. Alikuwa amempa binti yake heshima ambayo mafundi wa pale hupeana. Hilo mimi nililiona na likaniuma. Lakini pia nilikasirika, wakuu, nikamwambia maneno ambayo moderator hapa angeyafuta.

Kesho yake Mzee Kilonzo alikuja nyumbani, amesikia kuna shida. Akasimama mlangoni na barakoa yake. "Kwani kazi ikikaa mezani ni ya nani?" akauliza. Hakuwa anabishana, alikuwa anauliza kwa kweli. Mwende akamkaribisha chai.

Tatizo ni kwamba siku ya kukusanya, kila mtoto lazima athibitishe kazi ni ya mikono yake mwenyewe. Niliuliza kwenye group, kwa kuzungukazunguka, mtoto akisaidiwa kidogo inakuwaje. Nikajibiwa na wazazi watatu inbox. Wote waliniambia nipeleke tu, nani atajua, hata wao wamesaidia.

Nikamwonyesha Mwende. Akasoma, akanirudishia simu.

"Nikiulizwa kama ni yangu, nitasema nini?"

Nilikuwa nawaza ile miaka miwili. Baba yake alikuwa ameketi pale pale, anakunja na kukunjua lile gazeti.

Siku ya kukusanya niliomba ruhusa kazini. Nilipotoka chumbani nikamkuta Baba Mwende amevaa suti ya kanisani. Makanisa yamefungwa, mtu na suti. "Naenda na nyinyi," akasema.

Shuleni walikuwa wameweka meza nje ya geti. Madam Wairimu alikuwa hapo na sanitizer yake. Kabla Mwende afungue mdomo, baba yake akaweka Susu mezani.

"Madam, mtoto asiulizwe. Mimi ndiye nimeharibu."

Mwalimu akamgeuza Susu huku na huku. "Umeharibu wapi, Baba Mwende? Mbona inang'aa hivi?"

"Hapo panang'aa ndipo tumeharibu."

Akamweleza yote. Uso ni wake. Msasa na polishi ni vya Mzee Kilonzo. Mikono, ungo, ndengu na vile nyanya alivyokaa, hivyo ni vya mtoto. Alikuwa anatokwa na jasho ndani ya ile barakoa. Mume wangu si mtu wa kuongea mbele ya walimu, kwenye mikutano ya wazazi huwa ananituma mimi.

Madam Wairimu akamrudisha Susu mezani. Akasema picha za mwanzo anazo, kwa hivyo anajua kazi ilivyokuwa. Atampa alama za alichofanya mwenyewe na ataandika kwamba alisaidiwa. "Lakini sitawadanganya, uso ndio ulikuwa kazi yenyewe. Siwezi kuwaahidi chochote."

Akampiga Susu picha, akaturudishia. Tukarudi naye nyumbani.

Halafu tukasubiri.

Wakuu, kusubiri mtihani uliofanywa nakujua, nilifanya mwenyewe zamani. Unakumbuka maswali, unajilaumu kwa namba tano, unajifariji na namba saba. Kusubiri mtihani ambao haukufanywa ni kitu kingine. Hakuna swali la kukumbuka. Mtoto wako amekaa kwa kochi anachambua mboga, na mahali fulani kuna watu hawajawahi kumwona wanaamua yeye ni nani.

Kwenye group kila siku kulikuwa na jipya. Mara kompyuta itashusha alama za shule ndogo, mara matokeo yameahirishwa, mara mtu ana binamu anayejua mtu. Nikaizima sauti. Nikawa naifungua kila nikienda choo kazini.

Susu alikaa juu ya kabati la TV. Nilimfunika na kitambaa, maana kila mgeni akiingia alikuwa anamsifu, na kila akisifiwa Mwende alikuwa anatoka nje.

Karakana aliacha kwenda kabisa. Baba yake hakumlazimisha. Alichofanya ni kuzinoa patasi za Mwende, moja moja, halafu akaziacha kando ya mlango zimefungwa kwa kitambaa. Zikakaa pale. Nikifagia nazisogeza, nikimaliza nazirudisha. Walikuwa wanasalimiana, wanapitishiana chumvi mezani, lakini yale mazungumzo yao marefu ya miti gani inapasuka na gani haipasuki yalikwisha. Hilo lilinitisha kuliko matokeo. Nilikuwa naomba B, lakini nikijichunguza, nilikuwa naomba wale wawili wagombane tu, wapige kelele, yaishe.

Matokeo yalikuja kwa simu yangu asubuhi moja nikiwa off. Baba Mwende alikuwa ndiyo anafunga kamba za viatu atoke. Nikampa Mwende simu.

Akasoma kwa sauti. Maths A. English B. Biology B. Kiswahili A, nikapiga makofi. Akaendelea hivyo hivyo, hakuna kilichoshuka, mpaka akafika chini.

"Art, C."

Wote watatu tulijua hiyo C ni nini. Ilikuwa ile miaka miwili.

Baba Mwende akavua kiatu alichokuwa amevaa. Akaja akaketi karibu naye.

"Hiyo usiibebe," akamwambia. "Hizo zingine zote ni zako. Hiyo C ni yangu na Mzee Kilonzo. Sisi ndio tumepata C."

Mwende akaanza kucheka. "Yaani Mzee Kilonzo amefanya mtihani wa ng'ambo?" Wakacheka wote wawili, halafu kicheko kikageuka kilio, akaegemea bega la baba yake na kulilowesha. Mimi nikaenda jikoni kuwasha jiko ambalo lilikuwa tayari linawaka.

Sponsor alishikilia sharti lake. Nilipiga simu mpaka wakaacha kunishikia. Siwachukii, walisema mapema. Mwende baadaye aliingia chuo cha ufundi cha serikali, akasomea kubuni fanicha, na sasa anafanya kazi. Ni maisha mazuri. Si yale tuliyoyapangia, na sitawadanganya kwamba siku hizi siyakumbuki yale mengine. Nikipita karibu na ile shule, bado nayakumbuka.

Mkiniuliza kama afadhali tungenyamaza tupate B, nitawaambia kuna siku nilifikiri hivyo. Kisha namkumbuka yule mwanaume wa suti, jasho linamtiririka mbele ya geti, na najua Mwende naye anamkumbuka. Patasi zile alizichukua mlangoni siku hiyo hiyo ya matokeo.

Nilichojifunza ni kidogo. Sisi wazazi wa huku tumezoea kuvuta kila kitu kisogee mbele, maana tukikaa hatuli. Mtoto tunamfanya hivyo hivyo. Tunamwona na alama za patasi usoni tunafikiri hajaisha, tunashika msasa. Kumbe ameshajiona yuko sawa.

Susu bado yuko juu ya kabati, kitambaa nilishamtoa. Wateja wawili wamemtaka, Baba Mwende amekataa.

Na Mwende bado huja karakana wikendi kuchonga vitu vyake. Wale wazee wamemtengea meza ya kwake pembeni. Baba yake akitaka kuona, anasimama kando, mikono amefunga nyuma, anamuuliza, "Naweza kushika?"

Siku nyingi anaambiwa bado. Anaenda anakaa kwa stuli yake, anangoja.

Wazazi mnaosubiri matokeo saa hii, karibuni mseme yenu hapa, hata kama ni machungu. Na mnijibu kwa ukweli: nyinyi kwenu, huwa mnauliza kabla ya kushika?