Nafasi Iliyo Ndani ya Chungu

Moshi wa makapi ya mpunga una harufu tamu kidogo, kama ubwabwa ulioshika chini, na nyumbani kwetu Chanzuru harufu hiyo ilimaanisha kwamba mama anachoma vyungu. Mwaka aliofariki baba, harufu ikapotea. Mama aliufunika udongo wake kwa magunia nyuma ya nyumba, akawa analima tu na kurudi, na waliokuja kuulizia mitungi aliwaambia waende mjini Kilosa wakanunue ndoo za plastiki. Mimi nilikuwa darasa la nne. Watu husema udongo uwahi ungali maji, basi kila nikirudi shule niliyanyunyizia maji magunia yale, nikiogopa kwamba ukikauka, mama naye hatarudi kuwa yule niliyemjua.

Kiangazi hicho akaja Bi Lin, mkalimani Mchina wa kambi ya wajenzi wa barabara. Baba yake alikuwa mfinyanzi huko kwao. "Shikamoo, mama," alisalimu. Mama akamtazama. "Mimi na wewe rika moja. Sema habari." Bi Lin aliomba mtungi, akaambiwa hakuna, akaomba udongo, na mama, nadhani kwa kuchoka kukataa, akamwonyesha magunia. Bi Lin aliukuta ungali laini. Mama alinigeukia.

Bi Lin akawa anakuja kufinyanga kila Jumapili. Vyungu vyake havikuwa na nakshi shingoni kama vya mama, na kimoja kiliegemea upande. Nikamuuliza kwa nini hakinyooshi. "Udongo ulitaka kwenda huko," alijibu, akanieleza kwamba wahenga wa kwao walifundisha mtu asishindane na kitu, akifuate kilivyo, kama maji yanavyofuata bonde. Mama alikuwa kibarazani akichambua mboga. "Udongo hautaki kitu," alisema. "Anayetaka ni fundi. Kikiegemea hivyo, uji utamwagika." Akaiacha mboga, akaja kukinyoosha mwenyewe. Wakabishana hadi jua likazama, nami sikutaka waache.

Jumapili nyingine Bi Lin alimuuliza mama alikuwa akiuza nini. "Vyungu," mama akasema. "Hapana, dada," Bi Lin akasema. "Ulikuwa ukiuza nafasi iliyo ndani. Udongo ni ukuta wake tu. Pasipo na kitu ndipo panapofaa." "Nyumba yangu ina nafasi kubwa tangu mwenyewe aondoke," mama alisema. "Hiyo inafaa nini?" Bi Lin alinawa mikono, akakaa naye mkekani mpaka gari la kambi lilipomfuata. Wiki ileile mama alichoma vyungu.

Leo nina karakana yangu Mikumi, na tanuri la umeme. Methali husema mfinyanzi hulia gaeni, na kwetu ilikuwa kweli. Siku hizi nala kwenye sahani niliyoifinyanga mwenyewe. Vyungu vyangu havina nakshi, na wageni wa hotelini huvinunua kwa ajili ya kupamba rafu. Vijana ninaowafundisha wamekwisha kusikia kwenye simu habari za nafasi tupu na wahenga wa Kichina kabla hawajashika udongo. Mimi nilizisikia kwa wanawake wawili wenye matope viwikoni, mmoja wao mjane.

Mwezi uliopita mama alinitembelea. Alikizunguka chungu kikubwa kilichokuwa dirishani, akaingiza mkono mpaka begani. "Sisi tulifinyanga ili watu wapate kula," alisema. "Wateja wako wanakuja kuangalia." Nikamuuliza kama jambo hilo linamsikitisha. "Hapana," alisema, akiendelea kuupapasa ukuta wa ndani. "Ila mwambie atakayekinunua kwamba kinaivisha maharage."