Vichochoro Alivyoviacha Landless

Chuo kilipoacha kulipia leseni ya programu ya ramani, nilidhani somo langu limekufa. Nilikuwa nimelifundisha kwa programu hiyo moja tangu niajiriwe, na sikujua nyingine. Fundi wa maabara yetu ya kompyuta, mwanamume mpole aliyeishi mtaa wa Landless, alinikuta nimekaa mbele ya mashine, nimekata tamaa.

"Madam, kuna ya bure," akaniambia. "Na si ya kuiba. Watu wameitengeneza, wakaiachia kila mtu."

Likizo yote ndefu tulijifunza pamoja, viti viwili, kompyuta moja. Mimi nilikuwa na shahada ya uzamifu, yeye diploma ya upimaji ardhi, lakini ndiye aliyekuwa akinisubiri nielewe. Nikikosea alisema tu, "Rudi nyuma kidogo," na hakuwahi kunishika mkono kunionyesha pa kubofya. Kuna siku nilitamani aushike.

Muhula ulipofunguliwa tuliwatoa wanafunzi nje. Walitembea mitaa ya Kamenu na Landless wakiwa na simu, wakaweka alama kwenye vibanda vya maji, stendi za bodaboda na vichochoro, kisha tukarudi maabarani kuvichora kwenye ramani huria, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisahihisha. Siku moja kundi moja liliruka kichochoro kwa sababu maji machafu yalikuwa yamesimama katikati.

"Hiyo si njia, boss," msichana mmoja akamwambia fundi.

"Mimi hupita hapo kila asubuhi nikienda kazi," akajibu. Akakunja suruali, akatangulia. Wakamfuata, mimi nikiwa wa mwisho, viatu mkononi.

Mwaka uliofuata alipata kazi Kanada, ya kutunza wazee. Siku ya mwisho alinikabidhi funguo mlangoni pa maabara. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Nilichosema ni, "Ujikinge na baridi." Akacheka, akasema ameshanunua jaketi ya mtumba.

Nikabaki nikifundisha peke yangu. Kompyuta ikikwama niligeuka kumwita, nikakuta wanafunzi wananitazama. Namba yake ya hapa ilikuwa imezimwa, na sikuwa na nyingine. Kumwuliza mtu mwingine niliona haya.

Basi siku moja nilikuwa nawaonyesha wanafunzi jinsi ya kujua nani amechora nini. Nikabofya barabara mpya ya Ruiru, upande ule ambako mashamba ya kahawa yamegeuka kuwa mitaa. Likatokea jina alilokuwa akitumia kwenye ramani. Tarehe ilikuwa ya juzi.

"Madam, huyu ni nani? Huu upande wote ni yeye."

"Alikuwa fundi wa maabara hii," nikasema. Niliendelea na somo, lakini sikumbuki nilifundisha nini.

Kipindi kilipokwisha nilimwandikia kwenye ramani yenyewe, mahali pa maoni, kama mtu anayesahihisha kosa: "Barabara yako ya Ruiru iko sawa. Habari za huko?"

Kesho yake akajibu. "Siku za off huwa nachora mitaa ya huko nyumbani, madam. Picha mpya ya setilaiti inaonyesha paa juu ya kichochoro changu. Nisaidie kuangalia."

Jumamosi nilienda Landless. Pale palipokuwa na kichochoro chake palisimama ukuta wa ghorofa. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi kando yake aliniambia, "Walifunga. Siku hizi tunazungukia kwa kanisa." Nikazunguka polepole, simu ikirekodi kila kona, nikamtumia. Njia mpya aliichora siku hiyo hiyo. Ile ya zamani nilimwachia aifute mwenyewe, maana mimi nilijaribu nikashindwa.

Hatimaye nilimwuliza atarudi lini. Siku nne zikapita kimya. Nilijilaumu, nikawaza kwamba pengine nimeuliza jambo lisilonihusu.

Siku ya tano akaandika: "Sijui, madam. Mkataba wameongeza. Lakini nikirudi, utanitembeza hiyo njia ya kanisani?"

Nilisimama dirishani nikausoma ujumbe huo tena na tena. Nikamjibu kwamba nitamtembeza, na kwamba asiniite madam.