Aliyeukata Mlingoti wa Redio ya Upepo

Amekufa. Habari niliipata kwa simu nikiwa kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni. Aliyepiga ni mpwa wake marehemu, akaanza kwa kunipa pole, nami kwa adabu nikampa pole yeye, tukapeana pole mpaka kinyozi akauliza kama anaweza kuendelea na kazi. Ndipo kijana akafikia shida yake. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye kalamu. Familia inaomba umwandikie mjomba mazuri, watu wa Mbinga wasome." Nikamjibu kwamba nitaandika, sikumwahidi mazuri. Naijua desturi yetu. Mtu akishalazwa jenezani, hata aliyekuwa akimkwepa barabarani anasimama na kueleza jinsi alivyokuwa mcheshi. Leo desturi hiyo nimeiweka kando kwa makusudi, na msomaji atakayekwazika anaweza kufungua ukurasa wa michezo, ambako wiki hii kuna habari njema.

Nilimfahamu tangu shule ya msingi, tulikaa dawati moja. Yeye alikuwa na sauti na mimi nilikuwa na hesabu, kwa hiyo tulifaana. Baadaye akaenda mbali kusoma na kutafuta maisha, mimi nikarudi nyumbani kufundisha fizikia. Aliporudi, soko huria lilikuwa limeshafunguliwa, chama cha ushirika kinayumba, na wanunuzi binafsi wa kahawa wanaingia Mbinga kila msimu na mizani yao. Mmoja wao alikuwa yeye. Alikuja na pikapu mpya, suti ya kaunda na kicheko kikubwa, na wakulima wakampenda kwa sababu ni mtoto wa nyumbani anayewasalimia wazee kwa Kimatengo. Mimi pia nilimpenda, sitaki kujifanya niliona mbele. Nilimkaribisha kwangu, mke wangu akamchinjia kuku.

Hapo nyumbani ndipo alipoikuta redio yangu. Nieleze kidogo kwa wasiojua. Kuna watu duniani wenye leseni ya redio ya ridhaa. Wanajenga mitambo yao wenyewe na kuongea na wenzao wa mbali kwa mapenzi tu, hawaruhusiwi kufanya biashara humo. Hapa kwetu kila redio ya kuongelea iliitwa redio ya upepo, iwe ya polisi, ya misheni au ya mwalimu mwenye kichaa chake. Mtambo wangu ulihitaji mlingoti juu ya kilima kilicho nyuma ya kanisa la kigango, kwa sababu kutoka pale unaona mabonde yote yakishuka mpaka ziwani. Niliuunga kwa mabomba ya maji, nikaukamata kwa waya tatu zilizokwenda pande tatu, na kila waya nikaikatiza kwa vikombe vya kauri ili isinyonye mawimbi yanayotakiwa na antena. Siku ya kuusimamisha nilikosa watu wa kuvuta kamba, nikaiazima kwaya. Mwalimu wa kwaya akasema hawawezi kuvuta bila wimbo, basi mlingoti wangu ukapanda kwa mapigo ya wimbo wa kutoa sadaka, sauti ya tatu wakiwa upande wa shina na wasoprano wameshika kamba ya nyuma wasije wakauachia. Marehemu alikuwapo. Alishika kamba pamoja na sauti ya nne, akaimba, akatoka jasho, akala ugali na maharage pamoja nasi, akasema mtambo huu utatufikisha mbali.

Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa mzee mmoja wa Lundo, aliyestaafu kazi ya redio kwenye meli ya ziwani. Mlingoti wake ulikuwa wa mianzi, umefungwa kwa kamba za nyavu alizozipaka lami, na upepo wa mwera ulipovuma kwa hasira aliulaza chini na kuungoja utulie. Kila jioni nilimsikia akiita: "Mwalimu wa mlimani, mwalimu wa mlimani, wa ziwani anakuita." Nami nikijibu, "Shikamoo wa ziwani," anacheka kwanza, ndipo anaitikia marahaba. Tuliongea mambo ya kawaida kabisa. Waya ipi imelegea, kutu imeanza wapi, maharage yamefika bei gani huku, samaki wa mbasa wamepatikana huko au hapana. Mara kwa mara alileta ujumbe wa mgonjwa aliyekwama Ngumbo au Kihagara, nikatoka mbio kutafuta gari la misheni. Mimi sikuwa na baba tena. Nadhani alilijua hilo, kwa sababu kila alipomaliza aliniuliza kama nimekula.

Sasa ni lazima niseme jambo kuhusu miaka ile. Soko huria lilituletea sabuni za kunukia na betri zisizovuja, nashukuru. Lakini lilileta na swali lililozoeleka kuulizwa kila mahali: inakulipa? Ukipanda mti, inakulipa? Ukifundisha watoto jioni, inakulipa? Nilipokuwa juu ya mlingoti nikipaka rangi ya kuzuia kutu, watu waliopita chini waliniuliza hivyo hivyo, na nilipojibu hapana, waliniangalia kwa huruma. Kitu kisicholipa kikawa hakina mwenyewe. Kilima kilichokuwa cha wote kikaanza kuonekana kama kiwanja kilichosahauliwa. Marehemu alikiona hivyo. Kampuni iliyomtuma ilimpa redio yake ya kuulizia bei ya kahawa, naye alitaka sehemu ya juu kabisa, pale pale penye shina la mlingoti wangu. Nilimwambia kilima ni kipana, asogee kidogo, nitamsaidia hata kupima. Akacheka kicheko chake, akasema, "Usijali ndugu yangu, tutaelewana."

Alivyoelewana na mimi ni hivi. Mwaka ule mvua zilichelewa, upepo mkavu ukavuma tangu asubuhi, mahindi yaliyochipua yakanyauka. Mimi nilikuwa nimeitwa Songea kusahihisha mitihani. Marehemu akakaa na watu kilabuni, akawanunulia, na alichowauliza kilikuwa swali dogo tu. "Ile ya mwalimu inaitwaje?" Wakamjibu, redio ya upepo. "Basi mnashangaa nini? Jina lenyewe linasema. Inavuta upepo, upepo unafukuza mawingu." Hakuwa mjinga, alijua anachosema ni uongo. Watu walipanda kilimani na koleo, wakakata waya za upande mmoja, na mlingoti wetu ukalala juu ya mawe, mabomba yakapinda. Niliporudi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa pole. Haukupita muda akasimamisha wake, wa chuma kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Mama mmoja jirani yangu akamfuata. "Na huu wako, baba, hauvuti upepo?" Akamjibu bila kupepesa macho, "Hapana mama, hii si redio ya upepo. Hii ni redio koli." Mama akaondoka ameridhika nusu, na mpaka leo nikilisikia neno hilo damu inanichemka.

Nilijaribu kufunga waya kwenye mikaratusi ya shule, lakini kilima kilikaa kati yangu na ziwa, sikumpata mzee wangu. Mvua zilipokuja zilikuja zote kwa pamoja, barabara ya kushuka ziwani ikakatika, magari yakasimama. Nilimpa ujumbe mchuuzi mmoja anayetembea kwa miguu, naye akazuiwa na mto uliojaa, akarudi. Ilipopitika nikashuka mwenyewe. Nilimkuta mjane wake ameketi kwenye mkeka na kitambaa cheusi kichwani, na mianzi bado imesimama nyuma ya nyumba. Nikasema shikamoo mama, mimi ni wa mlimani. "Kumbe wewe ndiye Mwalimu," akasema. "Alikuita. Mgonjwa hivyo hivyo, kila jioni nilimwegemeza pale kwenye redio akakuita. Watoto wakamwambia apumzike, akakataa, akasema huenda Mwalimu yuko juu anakaza waya. Mwisho akazima mwenyewe. Akaniambia, Mwalimu amenichoka." Nilimweleza mambo ya mlingoti, lakini najua mfiwa anavyosikiliza maelezo. Alitikisa kichwa kwa upole na kunikaribisha chakula.

Wasomaji wapole mtauliza kama Mungu hakulipa. Alilipa kidogo, kwa mikono ya akina mama, nami nasimulia kwa furaha isiyo na haya. Marehemu alikuwa Mmatengo aliyekulia kwenye mashamba ya ngoro kama sisi wote, lakini ni mwanamume aliyeondoka mapema, na kwenye ngoro kazi ya mwanamume ni kufyeka majani na kuyapanga chini mraba kwa mraba. Wanawake ndio wanaochimba udongo wa katikati na kuyafunika, mpaka mteremko mzima unakuwa vishimo vyenye kingo pande zote. Yeye aliona kingo ngumu zilizokauka, akadhani ni za kudumu. Vigingi vya waya zake za upande wa chini akavipigilia humo humo, bila kumuuliza mwenye shamba. Hakujua kwamba shamba likifyekwa upya ngoro zinachimbwa upya, na penye ukingo wa zamani panaweza kuwa shimo jipya. Akina mama walipofika na majembe walimtuma mlinzi wa mlingoti kwake. "Mwambie waya zake ziko kwenye ngoro zetu." Jibu likarudi: "Walime pembeni."

Wakalima, na si pembeni. Walilima kama mama zao walivyowafundisha, mraba kwa mraba, wakiongea mambo yao, na vigingi vya kampuni vikabaki vimesimama kwenye udongo laini ulioshikwa na majani mabichi. Wakapanda maharage. Mvua ya mwisho ya msimu ikajaza vishimo maji, na mchana mmoja, shule nzima ikiwa uwanjani, mlingoti mwekundu na mweupe ukainama taratibu, ukafikiri kidogo, ukaangukia paa la ghala lake la kahawa. Hakuumia mtu. Nilicheka mpaka wanafunzi wakaogopa. Jioni nilinunua sukari nikawapelekea akina mama wale, na yule jirani yangu akaniuliza kwa uso mkavu, "Mwalimu, nayo hii imeangushwa na upepo?" Nikamwambia hapana mama, hii imeangushwa na koli. Alikaa chini kwa kucheka, na hata sasa nikiikumbuka siku ile nasikia utamu mdomoni.

Lakini paa lilizibwa, mlingoti ukanyanyuliwa, kampuni ikaja kuondoka kama zote zilivyoondoka, na yeye akabaki mtu mkubwa mwenye kiti cha mbele kanisani. Tulikutana mara nyingi. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamjibu nzuri. Nilimweleza aliyoyasema mzee kabla ya kufa, nilimweleza uso kwa uso, na nikamwomba jambo moja: ashuke Lundo amwambie yule mama kwamba mimi sikunyamaza, nilinyamazishwa. Kwa maneno yangu mimi asingeamini kabisa, ila akisikia kwa aliyefanya, angeamini. Akasema ataenda barabara ikikauka. Ikakauka, ikalowa, ikakauka tena, pikapu yake ikapita Lundo mara nyingi ikifuata mbasa wa karamu zake. Hakusimama hata mara moja.

Juzi tukamzika. Msemaji wa familia alisimama kaburini na kusema yale tunayoyajua: marehemu alikuwa binadamu, aliyekosewa naye amsamehe, na kama kuna anayemdai, ajitokeze. Watu huinamisha vichwa hapo na ibada inaendelea. Mimi nikanyoosha mkono. "Namdai." Msemaji akakohoa. "Mwalimu, tutakaa na wewe baadaye kama familia, utueleze ni kiasi gani." Nikamjibu kwamba si fedha, namdai safari ya kwenda Lundo, na nikaieleza mbele ya padri, kwaya na makoleo yaliyosubiri udongo. Wengine walinong'ona kwamba nimekosa adabu. Huenda. Yule mzee naye alikufa akiamini nimekosa utu, na hakuna aliyenong'ona kwa ajili yake.

Tulipokuwa tunatawanyika, binti mkubwa wa marehemu akanijia, macho yamevimba. "Baba, yule mama bado yupo?" Nikamwambia yupo, amezeeka. "Basi nielekeze. Nitaenda mimi, nitamwambia kwamba ni baba yangu." Nilimwelekeza mpaka mlangoni, nikamshika mkono, nikashindwa kumtazama. Ndiyo maana leo nasema na wewe unayesoma ukiwa hai, mwenye miguu na nauli. Kama kuna mtu aliyekatiwa sauti kwa mkono wako, nenda wewe, nenda barabara ikiwa hivyo hivyo mbovu, kwa sababu usipokwenda atatumwa mtoto wako, na atabeba aibu ambayo hakuitenda. Yule binti sina neno naye, na nitamwombea safari njema. Baba yake sijamsamehe.