Siku Harufu Iliponitolea Kitanda Nje

Jamani, habari hii nimeikalia miaka mingi, na hata sasa nikiianza tu masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa mmenibana na mnasema kila mtu ametoa yake isipokuwa mimi, basi sogeeni niwaambie jinsi baba mkwe wangu alivyokiona kitanda changu. (Wakurya mlio hapa mmeshashika midomo. Ngojeni kwanza, hicho kitanda ndiyo afadhali.)

Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza bado wako bomani Tarime, na mimi ndiyo kwanza nimeolewa. Mume wangu Marwa alikuwa tarishi, anazungusha barua kwa baiskeli, na kazi hiyo ilimpatia chumba kwenye kota, lile jengo refu la matofali lenye milango iliyopangana, kila mlango na familia yake, bati moja limetufunika wote, na kuta za katikati hazikufika juu, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha mwisho wewe wa mwanzo unampa pole. Sakafu ya saruji, dirisha la mbao, na jiko ni banda la nje la watu wote. Mimi niliona nimefika.

Mama mkwe hakuona hivyo. Kwake yeye mke wa mwanawe anakaa kijijini kwao Itiryo, analima, anakamua, mume anakuja likizo, basi. Kukaa kwenye nyumba ya matofali bila shamba wala ng'ombe alikuita kujifunza uvivu na uchafu. Marwa alimbembeleza sana, baba mkwe naye akatia neno moja la kunitetea (mzee yule maneno yake yalikuwa machache), mwisho mama akakubali kwa sharti: "Nitakuja mwenyewe nione anavyokaa. Nikikuta mambo si mambo, narudi naye." Na kila aliyetoka kijijini kuja sokoni alileta salamu hizo hizo: anakuja, anakuja. Kwa hiyo mnielewe vizuri, sikuwa naogopa harufu, nilikuwa naogopa kurudishwa Itiryo na sanduku langu kichwani, nimwache mume peke yake mjini, na kwetu wasikie kwamba Ghati ameshindwa kutunza chumba kimoja.

Harufu yenyewe ilianza kidogo, mwanzo wa wiki, mtu unasema labda ni mfereji, labda ni soksi za Marwa. Kesho yake ikapanda. Siku iliyofuata ukiingia ndani mchana, bati limeshika jua, inakupiga usoni. Na ndiyo wiki ile ile tuliyopata habari kwamba wazazi wote wawili wanakuja na lori la Jumamosi, watafika jioni.

Sasa hapa ndipo nilipojiponza. Mama Zainabu, mke wa dereva, mtu wa Tabora, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kutushinda sote (naye alitusahihisha bila kuombwa), alinikuta kisimani akaniuliza, "Ghati, kwako hakunuki?" Ningesema tu ndiyo, dada, kwangu kunanuka, njoo tutafute, mambo yangeishia hapo. Lakini niliwaza akisikia yeye kota nzima imesikia, na kota ikisikia mama mkwe atasikia kabla hajashuka kwenye lori. Nikasema, "Wapi! Mimi sisikii kitu."

Haya. Ukishasema husikii kitu, utatafutaje? Ikabidi nitafute kwa siri, kama mwizi ndani ya chumba changu mwenyewe. Marwa akienda kazini nafunga mlango, nafunga na dirisha, napiga magoti nanusa. Nilinusa chini ya kitanda, nikanusa sanduku, nikanusa viatu, nikanusa kibuyu cha maziwa, nikakisugua upya kwa mkaa wa mti mpaka mikono ikawa ya mchoma makaa. Nilitafuta panya aliyekufa, nikatafuta nyoka, nusura nitafute hata kiroboto. Hakuna kitu! Nikapata wazo (msicheke), nikaenda kwa wafugaji nyuma ya boma nikaomba mavi ya ng'ombe mabichi, nikasiliba sakafu, maana nyumbani ndivyo tunavyofanya nyumba inapata harufu nzuri. Nilisahau kwamba nyumbani udongo unayanywa na saruji hainywi. Marwa alirudi saa kumi, akaingia na baiskeli yake, ikamtoka mikononi, naye akafuata chini, na kaptula yake ya kazi, ile nyeupe.

"Ghati," akasema akiwa chini bado, "una nini wewe?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia kila kitu. Yeye akanusa juu, akanusa chini, akasema labda ni kwa jirani inavuka ukuta. Nami nikalidaka hilo neno kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa nalihitaji.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa Mama Otieno, Mjaluo, mumewe fundi seremala, mama mnene mcheshi aliyeletewa samaki wakavu kutoka ziwani na kuwauza sokoni. Wallahi mimi sikumtaja. Lakini Jumamosi asubuhi Mama Zainabu aliwaita wanawake wote uani, akasema haiwezekani, watoto wanatapika, leo tujue, na macho ya watu yakamwendea Mama Otieno yenyewe, na mimi nikayaacha yaende.

"Yawa! Samaki wangu?" Mama Otieno akashika kiuno. "Samaki wangu wananuka samaki. Hiyo yenu inanuka mambo mengine kabisa." Akaingia ndani, akatoa magunia yake yote, akayafungua, akasema njooni mnuse mmoja mmoja, na msiponusa leo msinitazame tena vile. Wakanusa. Kweli, ilikuwa samaki tu, safi, hata mate yalinitoka. Akakung'uta mikono, akanigeukia mimi. "Nimetoa vyangu. Na wewe mke wa tarishi, toa vyako tuone."

Niliwaza, lori linafika jioni, jua bado lipo upande wa asubuhi, muda upo. Nikikataa watasema ninaficha. Nikakubali. Na akina mama wakiamua kusaidia mnawajua, hawaachi kitu, mara sanduku limetoka, mara vyungu, mara magodoro, na mwisho wakanyanyua kitanda chenyewe, kile cha kamba, wakakitua katikati ya ua, mashuka yananing'inia, na gauni langu la kulalia juu yake. Ndani ikabaki meza tu.

Harufu ikabaki vile vile.

"Basi iko juu," akasema Mama Otieno. Nikapanda mezani. Nikapapasa juu ya ukuta wa nyuma, pale ukuta unapokutana na bati, na pale pana uwazi wa kupitisha hewa, mkono wangu ukagusa kitu laini. Laini, jamani, na chenye maji. Nilipiga kelele iliyosikika hadi mahakamani. Nikakivuta kwa mti wa ufagio, kikaanguka mezani, furushi la majani ya mgomba limefungwa vizuri kwa kamba, linachuruzika, na inzi wametoka nalo. Nani angeweka furushi juu ya kichwa cha watu wanapolala, kama si mtu mbaya? Hofu ya wiki nzima ikanipanda kichwani ikawa hasira. Nikalichukua juu ya ufagio, nikatoka nalo mbio, nikalirusha uani kwa nguvu zangu zote na kupaza sauti ili kota nzima isikie:

"Aliyeniletea uchafu huu, mikono yake ioze kama huu ulivyooza!"

Furushi likapita juu ya kitanda likaangukia mbele ya miguu ya mtu. Miguu yenye viatu vya matairi. Juu ya viatu koti refu la jeshi, lile alilorudi nalo kutoka vitani, na juu ya koti uso wa baba mkwe wangu. Mama mkwe kando yake, kikapu kichwani. Lori la pamba lilikuwa limewapa nafasi tangu alfajiri, wakaona kwa nini wangoje la jioni.

Kwa wasiojua, kwetu kuna kitu tunakiita ensoni, ile heshima na haya ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hata akija kuniona anakaa nje, nampelekea kigoda na chakula huko huko. Pahali ninapolala ni pahali asipopaswa hata kupawaza. Na sasa pahali ninapolala palikuwa mbele yake, kwenye jua, na gauni juu.

Aligeuka akatupa mgongo, akainua kola ya koti mpaka masikioni. Mimi sikujua nifunike kitanda au nifunike uso. Nilijitupa juu ya gauni, nikalilalia. (Ndiyo. Mbele yake nikalala kitandani. Akili ilikuwa imeniaga.)

Mama mkwe akatua kikapu taratibu. Akazunguka kitanda, akachungulia ndani, akaiona sakafu yenye mabaka ya mavi yaliyokauka, akarudi. Akasema kwa Kikurya, bila kupandisha sauti, "Kusanya nguo zako, mkamwana. Lori linarudi mchana."

Marwa yuko kazini. Akina mama wa kota, hata wasiojua neno la Kikurya, walielewa, maana walianza kutazama chini. Nikaanza kukunja shuka, machozi yanadondoka juu yake, nikiwaza ndoa yangu imeishia kwenye furushi ambalo hata sijui ni la nani.

Ndipo yule mzee, mgongo bado ametupa, akasema. Na alisema kwa Kiswahili. Mnanielewa? Nyumbani hatukuwahi kumsikia akisema Kiswahili, alikifunga na mambo ya vita. Siku hiyo akakitoa ili Mjaluo asikie, Mnyamwezi asikie, na watoto wasikie.

"Ile nyama ni yangu," akasema. "Jumapili nilileta ngozi dukani kwa Mhindi. Nikapita hapa, hawapo, wako kanisani. Ndani siingii. Nikapanda jiwe nyuma ya nyumba, nikaweka chini ya paa, kama kwetu, mke aione, moshi uitunze. Sikujua nyumba hii haina moshi." Akaivuta tena kola. "Fungu la mkamwana. Harufu ni yangu. Asirudishwe mtu."

Kwetu nyumba ya nyasi paa liko chini, mkono unafika, na ndani moto unawaka kila siku, nyama chini ya paa inakaa hata mwezi. Mzee yule alikuwa ameniletea heshima, fungu la nyama alilokatiwa kwenye sherehe ya kijijini akanikatia na mimi, na mimi nimemwombea mikono ioze.

Mama mkwe alimtazama mumewe mgongo ule. Halafu akanigeukia. "Unangoja nini? Rudisha kitanda ndani." Akachukua jembe la Mama Otieno, akafukia furushi mwenyewe nyuma ya choo, na mchana tulikula samaki wa Mama Otieno, ambaye alinipa mkia. Nilijua kwa nini ni mkia, si niliyaacha macho ya watu yamwendee, nikaula wote.

Nikakaa kota miaka yangu yote ya ujana. Na niliapa siku ile kwamba nikiulizwa tena kama kwangu kunanuka, nitasema ndiyo hata kabla sijanusa. Marwa anasema nimezidi, maana kuna siku kanisani harufu ilipita, watu wakaanza kutazamana, nami nikanyoosha mkono, kumbe ni mbuzi amekaa mlangoni.

Ila kuna jambo moja halinichekeshi. Mambo yale yanahusu kitanda, na mkamwana haongei na baba mkwe mambo ya kitandani. Kwa hiyo mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, nikampikia, nikampelekea kigoda nje, nikamsalimia shikamoo kila alipokuja, mpaka akafa, na sikuwahi kumwambia asante.